Senti moja ya chama na protoni za CERN

Nimekuwa kimya wiki kadhaa, niwieni radhi. Nilikuwa nikihangaika na programu niliyokiandikia chama kimoja hapa Kamenu, Thika. Kwenye laptopu yangu riba ilitoka sawa. Kwenye kompyuta ya mweka hazina ikapungua senti moja. Nikamwambia, "Mama, hiyo ni senti tu." Akakataa kutia sahihi. Leo nakiri: haki ilikuwa yake.

Ngoja niwaeleze. Kule CERN, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, kuna LHC, mtambo wa kugonganisha protoni. Pete yake ina urefu wa kilomita 27, na protoni huizunguka takriban mara 11,245 kila sekunde. Ili migongano iwe mingi, mkondo wa protoni sharti ubanwe uwe mwembamba, tena udumu saa nyingi. Lakini hakuna sumaku isiyo na kasoro. Kasoro ndogo huisukuma protoni pembeni kidogo, na mzunguko baada ya mzunguko kosa laweza kukua hadi protoni ipotee.

Ndiyo maana wataalamu hujaribu kwanza kwenye kompyuta. Programu iitwayo SixTrack iliweza kufuata protoni kwa mizunguko 1,000,000, ambayo protoni halisi huimaliza kwa sekunde 89 hivi. Hesabu ni nyingi mno, kwa hiyo mwaka 2004 mradi wa LHC@home uliwaomba watu wa kawaida wachangie kompyuta zao. Kazi moja ilitumwa kwa zaidi ya kompyuta moja ili majibu yalinganishwe. Lo! Prosesa tofauti, majibu tofauti. Chanzo kilikuwa tarakimu ya mwisho kabisa katika hesabu kama za logi. Dawa ikawa crlibm, maktaba ya hisabati iliyotengenezwa Lyon, Ufaransa, inayotoa tarakimu zilezile kwenye kila kompyuta.

Maoni yangu ni haya: sisi waandishi wa programu tunasifu kasi na kudharau usahihi. Sumaku nzuri pekee hazitoshi ikiwa hesabu ya kuzipanga haiaminiki. Na chama hakikui ikiwa wanachama hawaliamini daftari.

Basi nimeandika upya. Pesa zote sasa ni senti, namba nzima, na kanuni ya kukadiria ni moja tu. Mama ametia sahihi.

Na yako je, hujibu vilevile kwenye kompyuta ya jirani?