Picha ya Mbio Isinunuliwe kwa Hofu

Mwaka uliopita picha yangu ya punda milia wakitimka mbio ilibandikwa kwenye ubao wa matangazo. Vumbi jekundu la Tsavo lilikuwa limetanda, kwato ziko hewani, na kila aliyepita alisema, "Hii ni kali, bwana!" Nami nikavimba kichwa. Lakini hakuna aliyeniuliza swali moja: kwani punda wale walikuwa wakikimbia nini?

Leo najibu bila kuulizwa. Walikuwa wakinikimbia mimi.

Ilikuwa hivi. Tulipoingia Tsavo Mashariki katika ziara ya chama, tuliwakuta wakila nyasi kwa utulivu. Kamera ya shule ilikuwa shingoni mwangu. Nilitaka picha ya mwendo, si ya mnyama aliyesimama kama ng'ombe mnadani. Basi nikawaomba wenzangu wapige mayowe, nami nikagonga ubavu wa basi kwa kiganja. Kundi likatawanyika. Nilibonyeza kamera, nikachekelea. Dereva alitukemea, lakini maji yalikuwa yamekwisha kumwagika. Basi lilipong'oa nanga ndipo nilipomwona mtoto wa punda amebaki upande wetu wa barabara, peke yake, akizungukazunguka. Sijui hadi leo kama alimpata mama yake. Majuto ni mjukuu.

Wenzangu huniambia, "Acha hizo! Simba huwakimbiza kila siku." Jamani, simba hukimbiza kwa sababu ya njaa, tena si kila gari lipitalo lina simba ndani. Aidha, mbio hula nguvu, na nguvu mwituni hazinunuliwi dukani. Kati ya Februari na Oktoba mwaka wa 2022, serikali yetu ilihesabu punda milia wa kawaida 381 na ndovu 205 waliokufa kwa ukame. Je, mnyama aliyekonda kwa kiu atimuliwe ili mimi nisifiwe ubaoni?

La ajabu ni kwamba nilikuwa nimekwisha kufundishwa njia bora, na mwalimu wangu alikuwa gari la moshi. Nyumbani kwetu si mbali na Voi. Tangu reli mpya ilipofunguliwa tarehe 31 Mei 2017, nimelizoea gari la abiria la Mombasa na Nairobi kama nilivyozoea adhana na kengele. Gari la moshi halina mchezo. Huwezi kuligongea ubavu ili likimbie, wala kulipungia mkono ili lipunguze mwendo. Wewe ndiwe unayefika mapema, unasimama mbali na reli, nje ya ua, kisha unangoja.

Hebu tupige hesabu kidogo. Mwendo wa juu wa gari lile la abiria ni kilomita 120 kwa saa, yaani kama mita 33 kila sekunde. Ukiifungua shata ya kamera kwa sehemu moja ya 1,000 ya sekunde, gari husogea sentimita 3 na kitu tu. Picha hutoka safi, lakini utadhani gari limeegeshwa. Ukiifungua kwa sehemu moja ya 30, gari husogea zaidi ya mita moja, na ukishika kamera kama mti utapata ukungu mtupu. Siri ni kugeuka nalo. Panda miguu chini, zungusha kiuno, ulifuate kwa kamera kwa kasi yake lenyewe, ubonyeze huku ukiendelea kugeuka. Gari litaonekana wazi, na vichaka vilivyo nyuma vitageuka kuwa mistari. Hapo ndipo mtazamaji anapouhisi mwendo.

Njia hiyo hiyo humfaa mnyama, hata anayetembea tu kwenda kunywa maji. Kwa nini basi nimfukuze?

Historia nayo inaniunga mkono. Mnamo Juni 1878, huko California, Marekani, mpiga picha Eadweard Muybridge alipanga kamera 12 kando ya uwanja wa mbio na kutandaza nyuzi njiani. Farasi alipozikata nyuzi akipita, kamera zilipiga moja baada ya nyingine. Hivyo ndivyo ilivyothibitika kwamba farasi anayekimbia huinua kwato zote nne kwa wakati mmoja. Mwenye farasi, Leland Stanford, alikuwa tajiri wa reli! Farasi yule alikuwa wa mbio, na siku ile alifanya kazi aliyoizoea. Muybridge aliandaa vyombo vyake, kisha akangojea mwendo uje. Mimi niliandaa kelele.

Naam, nina maoni matatu. Kwanza, katika mashindano ya picha ya chama chetu, kila picha iambatane na maelezo mafupi ya jinsi ilivyopatikana. Pili, picha iliyopatikana kwa kumtisha mnyama, au kwa kuikaribia reli kwa hatari, ikataliwe hata kama inang'aa namna gani. Tatu, kabla ya ziara yoyote, wanachama wafanye mazoezi ya kufuata kwa kamera papa hapa shuleni. Wakimbiaji wetu uwanjani wanatosha, nao hukimbia kwa hiari yao.

Picha yangu nimeibandua ubaoni kwa mkono wangu mwenyewe, na nimemwomba mlezi wa chama asiitie katika jarida hili. Mahali pake nimempa nyingine: ndovu mmoja akitembea zake, mkonga ukining'inia, vichaka vimekuwa mistari nyuma yake. Kidogo ina ukungu. Lakini mtu akiniuliza ndovu yule alikuwa akienda wapi, nitamjibu bila kuinamisha uso: alikuwa akienda zake.

Kwa hayo machache, natia nanga.