Gorila wa Rwanda Ana Jina. Wa Kivu Je?

Tangu mwaka 2005 Wanyarwanda wana sherehe iitwayo Kwita Izina, ya kuwapa majina watoto wa gorila wanaozaliwa katika milima ya Virunga. Wameifuatisha mila yao ya siku nyingi ya kumpa mtoto mchanga jina mbele ya jamaa na majirani. Sisi wa pwani hatuhitaji kuelezwa maana yake. Mtoto akishapewa jina huwa ana wenyewe, akipotea, ataulizwa.

Na gorila hao huulizwa. Mwanzoni mwa miaka ya themanini, huko Virunga walikuwa wamebaki kiasi cha 250 tu. Hesabu iliyotangazwa 2019, pamoja na wale wa Bwindi kule Uganda, ilifika 1,063. Walinzi huwafuata, matabibu huwatibu humo humo msituni, na tangu 2017 sehemu moja katika kumi ya mapato ya utalii wa mbuga za Rwanda huwarudia wanavijiji wanaopakana nazo.

Lakini huko Kivu, nchini Kongo, yuko nduguye, gorila wa nyanda za mashariki, ambaye hapatikani msituni pengine popote duniani. Kabla ya vita vya miaka ya tisini alikisiwa kuwa 17,000. Mwaka 2016 wataalamu walitaja 3,800. Na 2021, baada ya kupekua misitu mingi zaidi, walitaja 6,800. Hata ukishika hesabu iliyo njema, zaidi ya nusu wamekwisha.

Nani kawamaliza? Vita viliwaingiza msituni wenye bunduki na wachimbaji wa koltani, madini yatumikayo katika simu tunazotembea nazo mifukoni. Na akaaye msituni hula nyama ya msituni.

Wala dhuluma haikuanza na vita. Mbuga ya Kahuzi-Biega ilianzishwa 1970, na katika miaka iliyofuata Wabatwa, waliokuwa wakiishi humo tangu enzi za mababu, wakafukuzwa. Uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu, uliotolewa hadharani 2024, ulikiri kuwa haki zao zilivunjwa. Aliyetolewa kwao bila chochote atamlindia nani mnyama?

Rwanda yatufunza kuwa gorila huongezeka pale penye amani, na pale jirani wa msitu anapopata fungu lake. Kivu imekosa yote mawili. Wapiganapo tembo, nyasi ndizo ziumiazo. Safari hii zimeumia pamoja na watu na gorila.