Miwani Isubiri, Sukari Ipimwe Kwanza

Katika familia zetu mtu wa makamo akianza kuona ukungu, wazo la kwanza ni miwani. Huenda sokoni, akajaribu moja baada ya nyingine mpaka apate ya kumfaa. Sisi hatukubaliani na desturi hii.

Ndani ya jicho, nyuma ya mboni, mna lenzi angavu. Kazi yake ni kukusanya mwanga ili picha iangukie sawasawa kwenye retina, yaani utando ulio nyuma kabisa ya jicho. Sukari ikizidi katika damu huingia hata kwenye lenzi, nayo hubadilika. Mara nyingi mgonjwa huanza kuona vitu vya karibu vizuri kuliko vya mbali. Mzee aweza hata kushangilia kwamba anasoma tena bila miwani, akidhani ni muujiza. Kumbe ni sukari!

Baya zaidi hutokea baadaye. Mgonjwa anaanza dawa, sukari inashuka, na lenzi inabadilika tena. Siku hizo maandishi ya karibu humpotea, hata daftari la jumuiya halisomeki. Anasema, "Dawa hizi zinanipofusha," anaziacha. Hapa tunawalaumu kidogo ndugu zetu wa zahanati: kwa nini hakuambiwa mapema? Hali hiyo kwa kawaida hupita yenyewe baada ya wiki chache. Na miwani iliyopimwa kabla sukari haijatulia huenda isimfae mwezi unaofuata, na fedha imekwisha kwenda.

Ukungu usioondoka ni jambo jingine. Huenda ni mtoto wa jicho, ambaye huwapata wenye kisukari mapema kuliko wengine, naye huondolewa kwa upasuaji. Au ni mishipa midogo ya retina inayovuja. Ugonjwa huu wa retina hauumi, na mwanzoni mtu huona vizuri kabisa. Kwa hiyo mwenye kisukari achunguzwe nyuma ya jicho kila mwaka, hata kama bado anatunga uzi kwenye sindano bila shida. Atatiwa matone ya kupanua mboni. Asije kwa baiskeli, maana kwa saa kadhaa mwanga utamsumbua. Akiona giza la ghafla au madoa meusi yanayoelea, aende hospitali siku hiyo hiyo.

Kupima sukari ni tone la damu kidoleni. Asubuhi kabla ya kula, ikifika milimoli 7 kwa lita au zaidi, kipimo kirudiwe hospitali. Duka la miwani litakuwapo tu.