Mdaiwa Anangoja Mzee Afe

Ziko namna nyingi za kukataa kulipa deni. Iliyo rahisi kuliko zote, na iliyo salama zaidi kwa mdaiwa, ni kungoja mdai afe. Njia hiyo haihitaji hoja wala wakili, wala haimlazimu mtu kutamka neno "hapana". Huhitaji jalada, karani wa masjala, na neno moja tu: subiri. Ndivyo serikali ya Uingereza ilivyowatendea askari Waafrika waliopigana chini ya bendera yake katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Na kwa kuwa wengi wenu, ndugu wasomaji, ndio mnaoshika majalada na kalamu katika nchi hii, jambo hili linawahusu kuliko mnavyodhani.

Wazee wetu waliwaita askari hao Keya, kwa kufuata herufi za jina la jeshi lao, King's African Rifles, lililoundwa na mkoloni mwaka 1902. Kutoka Tanganyika peke yake watu wapatao 87,000 walitumika katika vita ile ya 1939 hadi 1945. Waliwafukuza Wataliano katika Somalia na Uhabeshi. Mwaka 1942 walipelekwa Madagaska. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki iliteremka bonde la Kabaw, huko Burma, katikati ya mvua za masika ya Asia, katika matope yaliyomeza magari na malaria iliyoangusha watu kabla risasi hazijawafikia. Wengine hawakufika hata huko Burma. Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyokuwa imeng'oa nanga Kilindini kwenda Colombo, ilizamishwa na nyambizi ya Wajapani karibu na visiwa vya Maldivi. Watu 1,297 walikufa, na miongoni mwao walikuwamo mamia ya wapiga mizinga wa Afrika ya Mashariki. Meli ilizama kwa muda wa dakika chache tu.

Risasi na bahari havikuuliza rangi. Aliyeuliza rangi alikuwa mhasibu.

Mwezi Februari 2019 waandishi wa habari waliweka hadharani hati ya serikali ya Uingereza iliyoonyesha viwango vya kiinua mgongo walivyolipwa askari wa makoloni ya Afrika baada ya vita. Askari mweupe wa cheo cha chini kabisa, aliyekuwa mkazi wa koloni, alilipwa shilingi 10 kwa kila mwezi aliotumika. Askari Mwafrika wa cheo kile kile, kwa mwezi ule ule, alilipwa shilingi 3 na nusu. Walimu wanaweza kuiweka ubaoni hesabu hii, maana haizidi uwezo wa mtoto wa darasa la nne. Askari wawili wametumika miezi 48. Mmoja anapata shilingi 480, mwingine anapata shilingi 168. Shilingi 312 zilizobaki zimekwenda wapi? Zimebaki London, katika hazina ya taifa lililotuambia kwamba linapigana kuuokoa ulimwengu na nadharia ya Hitler ya ubora wa rangi.

Wala isisemwe kwamba hilo lilikuwa kosa la karani aliyechoka. Lilikuwa jedwali lililopangwa, likapigwa chapa, likaidhinishwa. Katika jeshi lile lile askari Mwafrika aliendelea kuchapwa viboko, adhabu ambayo Waingereza walikwisha kuifuta kwa askari wao wenyewe tangu mwaka 1881. Aliyempimia Mwafrika viboko na aliyempimia shilingi walitumia mizani moja.

Watetezi wa mambo hayo wana hoja mbili. Hoja ya kwanza ni kwamba maisha ya Mwafrika yalikuwa ya gharama ndogo, hivyo hakuhitaji kulipwa sawa na Mzungu. Lakini ni nani aliyeyafanya maisha yake yawe ya gharama ndogo? Ni yule yule aliyemlipa mshahara mdogo, akamnyima shule na hospitali, kisha akaufanya ufukara huo kuwa kipimo cha haki yake. Hoja ya pili ni ya ujanja zaidi. Wanasema kwamba hata askari mweupe wa wakati wa vita hakuwa na haki ya pensheni ya utumishi kwa miaka ile michache. Naye alipewa kiinua mgongo akaenda zake. Hilo ni kweli, nami silipingi. Lakini mzungumzaji wa namna hiyo anajibu swali ambalo hakuulizwa. Hatuulizi kwa nini Keya hakupewa asichopewa mwenzake. Tunauliza kwa nini katika kile walichopewa wote wawili mgongo mmoja uliinuliwa kwa shilingi kumi na mwingine kwa tatu na nusu.

Mwaka 2018 serikali ya Uingereza ilitangaza mpango wa karibu pauni milioni 12 kwa ajili ya askari wa zamani na wajane wao walio fukara katika nchi za Jumuiya ya Madola, ili waweze kupata milo miwili kwa siku. Mzee mwenye njaa asilaumiwe kwa kuupokea mlo huo. Lakini sisi tunaojua kusoma hatuna budi kutofautisha deni na sadaka. Anayetoa sadaka huchagua nani apewe, kiasi gani, na kwa muda gani. Naye hutarajia shukrani. Anayelipa deni hana uchaguzi huo. Kumlisha mtu milo miwili huku umekalia fedha zake ni kumfanya ombaomba wa mali yake mwenyewe.

Najua wapo ndugu watakaoninong'oneza: "Mwandishi, unawatetea vibaraka? Hao si ndio waliobeba bunduki ya mkoloni?" Swali ni halali, na historia ya jeshi la Keya haina usafi wa kujivunia. Jeshi hilo lilitumiwa pia dhidi ya Waafrika wenzao. Lakini kwanza tukumbuke kwamba vita ilipopamba moto wengi walichukuliwa kwa amri, kama vile wengine walivyochukuliwa kwa amri kwenda kukata mkonge. Pili, tazameni walichofanya waliporudi. Waruhiu Itote, aliyejulikana baadaye kama Jenerali China katika misitu ya Mlima Kenya, alikuwa askari wa Keya huko Burma. Tarehe 28 Februari 1948, mjini Accra, askari wa zamani wasio na silaha waliandamana kumpelekea gavana barua ya madai yao: mafao waliyoahidiwa, na kazi. Walipigwa risasi, na watatu wakafa papo hapo: Sajini Adjetey, Koplo Attipoe na askari Odartey Lamptey. Ghasia zilizofuata ziliuharakisha uhuru wa Ghana. Miaka michache kabla ya hapo, tarehe 1 Desemba 1944, katika kambi ya Thiaroye nje ya Dakar, jeshi la Ufaransa liliwafyatulia risasi askari wake Waafrika waliokuwa wametoka katika vifungo vya Wajerumani, kwa kosa la kudai malimbikizo ya mishahara. Ufaransa ilichukua miaka 80 kufika mahali pa kukiita kitendo hicho mauaji ya halaiki, kwa barua ya Rais Macron ya Novemba 2024. Kwa hiyo madai ya askari mzee si jambo la pembeni katika historia ya ukombozi wetu. Mara mbili yalilipwa kwa risasi.

Wengine watasema kwamba haki ni haki, lakini miaka imepita mno, vyeti vimeliwa na mchwa, na haiwezekani tena kujua nani alikuwa nani. Historia ya nchi yetu wenyewe inawakanusha, tena kwa mfano wa vita vya kwanza, vilivyokuwa vizee zaidi.

Askari wa Kijerumani wa von Lettow-Vorbeck waliweka silaha chini huko Abercorn mwezi Novemba 1918, wengi wakiwa na madai ya mishahara yao. Mwaka 1964, miaka 46 baadaye, bunge la Ujerumani ya Magharibi liliamua kuwalipa waliokuwa hai. Kisa chake kimesimuliwa mara nyingi vitabuni: ofisa wa benki alifika Mwanza na fedha, wazee wapatao 350 wakajitokeza, na wachache tu ndio waliokuwa na vyeti. Inasemekana kwamba ofisa huyo alimpa kila mzee ufagio badala ya bunduki, akatoa amri za gwaride kwa Kijerumani, na hakuna hata mmoja aliyekosea. Wasimulizi wa Ulaya hukiona kisa hiki kuwa kitamu. Mimi sioni utamu wa mzee wa miaka sabini kuchezeshwa gwaride kwa ufagio ili apate ujira wa ujana wake. Hata hivyo kina fundisho moja kwa wenye majalada. Aliyetaka kulipa alipata njia ya kumwamini mtu asiye na karatasi. Tena mlipaji huyo alikuwa ndiye aliyeshindwa vita. Mshindi yeye alitujengea sanamu: ile ya shaba iliyosimama katikati ya Dar es Salaam tangu mwaka 1927, mtutu ukielekea bandarini. Na wapagazi wa jeshi la mshindi huyo, ambao kambi yao ndiyo iliyoupa mtaa wa Kariakoo jina lake, walikufa kwa makumi ya maelfu, na ujira wa wengi wao haukuwafikia jamaa zao. Shaba haili, wala haina wajane.

Sheria nayo imekwisha kusema. Ufaransa, kwa sheria ya fedha ya Desemba 1959, iligandisha pensheni za askari wa makoloni yaliyokuwa yanajitawala: za Wafaransa zikapanda mwaka hadi mwaka, za Waafrika zikabaki pale pale. Mwaka 1989 Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa, ikisikiliza madai ya wastaafu 743 wa Senegal, ilisema kwamba kutofautisha pensheni kwa sababu ya uraia ni ubaguzi, kwa kuwa pensheni hulipwa kwa utumishi, na utumishi ulikuwa mmoja. Novemba 2001 mahakama ya juu ya utawala ya Ufaransa ilimpa ushindi Amadou Diop, sajini mstaafu kutoka Senegal aliyekuwa akilipwa theluthi tu ya alichostahili. Lakini Diop alikuwa amekwisha kufariki, na hukumu ikapokelewa na warithi wake. Hata baada ya hapo ilibidi Baraza la Katiba la nchi hiyo litoe uamuzi mwingine, Mei 2010, ndipo pensheni zote zikalinganishwa. Tangu 1959 hadi 2010 ni miaka 51. Katika miaka hiyo mdaiwa hakuhitaji kubishana sana. Kaburi lilimfanyia kazi.

Sasa tugeuze uso, tutazame meza zetu. Mwezi Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia nchi yetu huko Kagera. Wanajeshi wetu, pamoja na maelfu ya mgambo waliotoka mashambani, waliwarudisha nyuma, na Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Kijana aliyekuwa na miaka ishirini wakati huo amekwisha kuvuka miaka sitini na mitano. Siku moja atasimama, au mjane wake atasimama, mbele ya meza ya mmoja wenu.

Sitaji ofisi, kwa kuwa ugonjwa huu hauna makao maalumu. Kila mwalimu aliyewahi kumwandikia mzee barua anaufahamu. Katika cheti cha jeshi ameandikwa Juma Ali, katika kadi ya mpiga kura ameandikwa Ali Juma. Basi anaambiwa akaape mbele ya hakimu, wilayani, kwa nauli yake. Tarehe yake ya kuzaliwa ni mwaka wa njaa, na fomu haina mahali pa kuandika njaa. Anatakiwa alete uthibitisho kwamba yu hai, ilhali amesimama pale pale akihema baada ya kupanda ngazi. Akirudi mwezi ujao anaambiwa aliyekuwa na jalada lake yuko likizo. Karani huyo si mbaguzi, wala hana jedwali la shilingi kumi na tatu na nusu. Lakini mzee anayekufa akisubiri sahihi haoni tofauti kati ya jedwali na uzembe. Kasumba ya kumwona mwenye haki kama mwombaji tuliirithi pamoja na masjala zenyewe, na ni aibu kwamba tumeitunza vizuri kuliko tulivyoyatunza majengo yake.

Atakayesema kwamba taratibu zinazuia wizi wa fedha za umma anasema kweli nusu. Mwizi anajua kuzitengeneza karatasi. Anayeshindwa nazo ni mzee mwaminifu. Jina lililopinduliwa linaweza kuthibitishwa na wenzake wa kikosi walio hai, na ofisi ikatuma swali hilo yenyewe kwa barua, bila ya kumtuma mtu wa miaka sabini awe tarishi wa jalada lake.

Na kuhusu Keya, vijana wa mwaka 1945 waliobaki sasa wanakaribia miaka mia, na ni wachache mno. Madai kwa London hayana budi kufanywa kwa jina la wajane na watoto, kama yalivyofanywa ya Diop, tena yafanywe na serikali zetu za Afrika ya Mashariki kwa pamoja, kwa takwimu na si kwa manung'uniko. Takwimu hizo hazipo zote London. Nyingine zimo katika masanduku ya mbao huko Songea, Tabora na Musoma, chini ya kanga, katika vyeti ambavyo mwenye navyo hajui kuvisoma. Mwalimu wa shule ya jirani aombe kukiona cheti, anakili namba ya askari, kikosi chake na miezi aliyotumika. Kisha azidishe miezi hiyo kwa shilingi sita na nusu, aandike jibu, na alipeleke wilayani likiwa na muhuri wa shule.