Saa kwenye soksi
KIJIWENI na Mzee Kirungu

Jumapili iliyopita nilikuwa mwenyeji wa kikao cha kamati ya sendofu ya binti yangu. Mama watoto alipika pilau la watu kumi na wanne. Wakaja watatu. Wale kumi na mmoja waliingia mitini baada ya kusoma kwenye grupu la WhatsApp kwamba kikao ni nyumbani kwangu, Manzese.

Meseji zao ninazo, sijazifuta na sitazifuta. Mweka hazina, mwanamke mzima mwenye wajukuu: "Magari tutaacha wapi?" Mwingine kaandika "Mungu atulinde" na kuweka vile viganja viwili vya kuombea dua, utadhani tunapelekwa mstari wa mbele. Katibu naye akashauri tuhamie Sinza "kwa usalama wa michango". Michango yenyewe ilikuwa imefika laki mbili na themanini, na nyingi ya hizo ni ahadi. Sijamwona bado kibaka anayepora ahadi.

Katika wale watatu waliojitoa mhanga alikuwemo mwenyekiti, shemeji yangu wa Mbezi Beach. Gari aliliacha kituo cha mafuta kule Shekilango, akamwachia mlinzi elfu tano na maelekezo ya dakika kumi, kisha akachukua bajaji. Nilimpokea pale Darajani. Kabeba mkoba kifuani kama mama aliyetoka leba, macho kulia, macho kushoto, salamu yangu hakuisikia. Wauza viatu vya mtumba wanamwita, "Boss, karibu, namba yako ipo," yeye anaongeza mwendo.

Tukafika, tukakaa. Akajikuna kifundo cha mguu. Akajikuna tena. Saa kumi na mbili kamili, katibu wa muda anasoma ajenda ya keki, mguu wa kulia wa shemeji ukaanza kulia: ti-ti-ti, ti-ti-ti. Mkono ulikuwa mtupu. Saa ilikuwa kwenye soksi.

Hakuna aliyecheka. Mama watoto alikwenda jikoni na akachelewa sana kurudi.

Nimekaa mtaa huu miaka kumi na tisa. Katika miaka hiyo nimeibiwa mara mbili: mara ya kwanza Kariakoo nikigombea daladala, mara ya pili Posta, saa sita mchana, mbele ya benki yenye walinzi wawili waliokuwa wakibishana habari za Simba na Yanga. Manzese imenipotezea kuku mmoja tu, yule niliyemwandika hapa mkanitumia rambirambi, na mpaka leo namshuku Mjumbe wa mtaa wetu.

Sikatai ya zamani. Uwanja wa Fisi haukupata jina lake kwa sababu ya watalii. Kulikuwa na usiku ambao ukikatiza pale ulikuwa umejitafutia mwenyewe, na roba ulizipata. Lakini miaka hiyohiyo kuna sehemu za Mbezi Beach zilikuwa mihogo na mikorosho, na mimi nikienda kwa shemeji sibebi jembe.

Sinza ndiyo hainishangazi, inaniudhi tu. Miaka ya 1970 ulikuja mradi wa serikali wenye mkopo wa Benki ya Dunia. Sinza ikapimiwa viwanja. Manzese, ambako watu walikuwa wamekwisha kujijengea, ikaongezewa barabara na maji. Mradi mmoja, watoto wawili wa tumbo moja. Mmoja akapewa kiwanja chenye namba, mwingine akaambiwa kaa hapohapo nitakuvutia bomba. Leo mwenye namba anamzibia pua ndugu yake. Haya, nani kati yenu ana rais? Sisi tunaye, msanii Madee, Rais wa Manzese, na hajawahi kutudai kodi.

Na tangu 2016 mwendokasi unatupitia mlangoni. Najua, kupanda kwenyewe asubuhi ni mieleka, safu hii imekwisha kulia sana juu ya hilo. Ila nikishaingia nimefika Kivukoni, wakati shemeji bado anahesabu taa za breki Barabara ya Bagamoyo. Usiku nikirudi, dada wakala wa pesa wa kona yetu yupo chini ya balbu yake, saa nne na nusu, anahesabu noti za elfu kumi huku akiongea na simu iliyobanwa begani. Hana nondo, hana mlinzi. Ana feni ndogo.

Sasa mniambie hili. Jumatatu nimetoka, nakuta karatasi mpya kwenye nguzo ya umeme, hatua thelathini kutoka kwangu: "Apatimenti za kisasa zinapangishwa, Sinza kwa nyuma." Ni lile ghorofa la vioo vya bluu lililoota pale ilipokuwa nyumba ya vyumba sita ya mzee mmoja mcheza bao. Ghorofa zima limehamia Sinza bila kukodi hata kirikuu. Nikampigia dalali. Akanijibu kwa upole, "Mzee wangu, nikiandika Manzese hawapigi simu."

Nikarudi ndani na hasira zangu, nikakuta kadi za sendofu zimeletwa kutoka kwa mchapishaji. Nzuri, za dhahabu. "Familia ya Mzee Kirungu, Ubungo." Nikamwita binti.

"Baba, kwani hatupo Manispaa ya Ubungo?"

Tupo. Nililipa ada miaka minne ili nije nijibiwe hivyo.

Shemeji alipiga simu Jumatano usiku. Sauti ya chini, ile ya mtu aliyetoka nje ili mkewe asisikie. Akaulizia afya yangu, akaulizia bajeti ya vinywaji, akaniulizia hata Mjumbe, ambaye hawajuani. Ndipo akafika.

"Shem, ile nyumba jirani na kwako, yenye bati limeoza mbele, mwenyewe hafikirii kuuza? Pale zingetoka fremu nne safi."

Kumbe macho yale ya kulia na kushoto hayakuwa yakitafuta vibaka peke yake. Nyumba ile ni ya bibi anayekaanga maandazi barazani, ambaye mwezi huu madalali wamekwisha kumgongea mara tatu, na mara ya tatu aliwamwagia maji ya kuoshea sufuria.

"Manzese hii, shemeji?" nikamwambia. "Na gari utaacha wapi?"