Mechi 30, Kuchapwa Zii: Kile Gor Mahia ya 2015 Inakuambia Wewe Msee wa Timu ya College

Wasee, kuna rekodi moja ya boli ya Kenya watu hupenda kutaja bila kuicheki vizuri. Mwaka wa 2015 Gor Mahia ilicheza mechi 30 za ligi kuu. Ikashinda 24, ikatoka sare 6, ikapoteza zii. Pointi 78, taji la tatu mfululizo, na la 15 kwa historia ya K'Ogalo. Kocha alikuwa Frank Nuttall, mzungu wa Scotland.

Sasa cheki hizo sare 6. Siri iko hapo. Kumaliza ligi bila kuchapwa haimaanishi kila wiki uko moto. Inamaanisha hata siku miguu ni nzito na uwanja ni mashimo tupu, bado unarudi home na pointi moja. Arsenal ya 2003/04, ile mafan wao hawajawahi kunyamaza juu yake, ilitoka sare 12 kwa mechi 38.

Lakini hiyo zii ya Gor ilikuwa ya ligi tu. Mwaka huo huo, AC Léopards ya Congo-Brazzaville iliwatoa CAF Champions League. Agosti, Azam ikawapiga 2-0 kwa fainali ya Kagame Cup pale Dar. Timu yenye ligi nzima ya Kenya ilishindwa kuangusha iliangushwa na watu wa nje.

Na 2016? Mapema tu, Michael Olunga, mwenye alifunga mabao 19 kwa hiyo ligi, akaenda Djurgården ya Sweden. Februari, CNaPS ya Madagascar ikawatoa Champions League. Nuttall naye akaondoka kabla msimu ufike mbali. Ligi ikaisha Tusker wakiwa mabingwa. Hiyo yote ndani ya mwaka mmoja.

Hapa ndio nataka uskie poa, hasa wewe wa timu ya college ama ya mtaa, hata kama uko pale Tulia, Kitui, na hamjachapwa tangu tournament ianze. Olunga wa 2015 alikuwa student wa uhandisi pale Technical University of Kenya. Mabao upande huu, class upande ule. Mimi sikumaliza college, so siko hapa kukuhubiria vitabu. Nacheki tu vile jamaa alijipanga. Msimu ulipoisha hakukaa akisifiwa. Aliutumia kama mlango. Sweden, China, halafu Girona ya Spain, ambako Januari 2018 aliwapiga Las Palmas hat-trick. Akaenda Japan, na 2020 akafunga mabao 28 akiwa Kashiwa Reysol. Mfungaji bora na mchezaji bora wa J1 League, mtu mmoja.

Tukubaliane pia: Olunga ni mmoja. Tournament nyingi za mashinani zawadi ni jezi, mpira na picha na mheshimiwa. Wiki mbili baadaye mheshimiwa hashiki simu, na wewe uko hostel na medali yenye huwezi lipa fee nayo.

So kama mko unbeaten saa hii, tulieni kidogo, kisha mfanye hesabu mapema. Muulize kocha kama timu imesajiliwa kwa ligi za FKF, juu hapo ndio ngazi za kupanda hadi ligi kuu huanzia. Rekodi mechi na simu, ata kama ni ya beshte, maanake skauti hatakuja Kitui kwa sababu ya stori. Na hiyo CAT ya Jumatatu, ifanye tu.

Msimu ujao kila timu itakuja ikiwa imewasoma, na striker wenu mkali pengine atakuwa ameshahama. Nani kati yenu ameanza kujipanga?