Kidonda Kimefunga, Mtu Hajapona

Wazee mnisamehe kwa kuleta ya chumbani hadharani, lakini ukubwa wa jambo unanilazimisha. Uume unaweza kuvunjika. Ukivunjika unashonwa, na ukishonwa mapema mara nyingi unarudi kufanya kazi yake. Kinachowamaliza wanaume wetu hapa Juba si jeraha peke yake. Ni kicheko cha mtaa kabla ya operesheni na kimya cha wahudumu baada yake. Hivyo viwili ndivyo nagombana navyo leo.

Kwanza tuelewane. Uume hauna mfupa. Ndani kuna mirija miwili kama sponji inayojaa damu, imezungukwa na utando mgumu. Uume ukiwa umelala, utando huo una unene wa kama milimita 2. Ukisimama, utando unatanuka mpaka unabaki nusu milimita au chini ya hapo. Sasa ukipinda ghafla, labda umeteleza ukagonga mfupa wa mwenzako, au umegeuka vibaya kitandani, utando unapasuka. Mtu anasikia mlio kama wa kijiti kikavu, uume unalala palepale, unauma, unavimba na kuwa mweusi kama biringanya. Damu ikitoka kwenye tundu la mkojo, au mkojo ukigoma, basi huenda njia ya mkojo nayo imeumia. Huko Kermanshah, Iran, madaktari wamepokea wagonjwa wengi wa namna hii kwa sababu ya mazoea ya watu kuupinda kwa mkono ili ulale. Kwa hiyo si laana, si uchawi, wala si adhabu ya uzinzi.

Lakini sisi tunafanyaje? Kijana akivunjika mguu kwa boda, watu kumi wanambeba. Akivunjika uume, anaulizwa alikuwa anafanya nini, tena kwa kicheko. Kesho yake habari imefika Konyo Konyo. Na mke wake je? Ati yeye ndiye aliyemvunja! Mama wa watu anashindwa kwenda bombani kuchota maji. Basi jamaa anaamua kunyamaza. Ananunua dawa ya maumivu, anakandwa na maji ya moto, anapewa mizizi. Maji ya moto huzidisha damu kuvuja. Kama ni kukanda, kanda na barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, tena ukiwa njiani kwenda hospitali.

Zamani hata madaktari walitibu kwa barafu, bandeji na kusubiri. Waliacha, kwa sababu wagonjwa wengi walibaki na uume uliopinda, unaouma, au usiosimama vizuri. Siku hizi shauri ni operesheni mapema, ikiwezekana ndani ya saa 24. Daktari anafungua ngozi, anatoa damu iliyoganda, anashona palipopasuka kwa uzi unaoyeyuka wenyewe. Haukatwi, jamani. Na kama umechelewa siku kadhaa, nenda tu, bado kuna faida.

Sasa nageukia nyinyi ndugu zetu wa mashirika na kliniki. Mgonjwa amefika, ameshonwa, tunashukuru. Halafu? Anapewa dawa, anaambiwa arudi kuangaliwa kidonda. Kidonda kimekauka, faili linafungwa, na kwenye ripoti anaandikwa amepona. Nani alimuuliza kama uume unasimama? Nani alimuuliza kama umepinda, kama unauma, kama analala na mke wake? Mguu uliovunjika mnaupima kwa kumwambia mtu atembee. Mbona huu mnaupima kwa kutazama ngozi tu?

Namfahamu kijana mmoja, jina lake na kambi yake vibaki kwangu. Alishonwa vizuri na kidonda kikafunga. Hakuna aliyemwambia neno la ziada. Kwa hofu ya nyuzi kukatika alimkwepa mke wake miezi mingi, akahamia kwa rafiki yake, ukoo ukaanza kuzungumza mambo ya kurudisha mahari. Alipopata daktari wa kumsikiliza, aliambiwa uume wake ni mzima. Ugonjwa uliobaki ulikuwa woga. Maneno ya dakika 10 siku ya kutoka hospitali yangemwokoa.

Maneno yenyewe ni haya. Mpira wa mkojo kwa kawaida hukaa muda mfupi, lakini kama njia ya mkojo imeshonwa, unaweza kukaa wiki mbili au zaidi. Tendo la ndoa lisubiri kama wiki sita, na mke aambiwe pia, asidhani amekataliwa. Uume kusimama wenyewe alfajiri ni dalili njema hata kama unavuta kidogo. Kauvimbe kadogo kagumu penye mshono kanaweza kubaki bila kuharibu kitu. Lakini ukipinda sana, ukiendelea kuuma, au ukikataa kusimama baada ya miezi kadhaa, rudi. Usiende kununua vidonge vya nguvu sokoni kwa siri.

Najua jibu mtakalonipa: fedha hazitoshi, na Sudan Kusini ni kati ya nchi ambazo akina mama wanakufa zaidi kwa uzazi. Ni kweli, na mimi nina dada. Sitaki ichukuliwe hata shilingi moja ya mkunga. Lakini kumuuliza mgonjwa aliyeko mbele yako kunagharimu nini? Tangu 1999 madaktari wana orodha ya maswali 5 tu ya kupima nguvu za mwanaume. Na mkutano wa Cairo wa 1994, ule mnaoutaja kila semina ya afya ya uzazi, ulisema afya hiyo ni ya wanawake na wanaume. Kwenye vikao vyetu mwanaume anaitwa aje kufundishwa kondomu na kuonywa asimpige mke. Hayo ni mazuri, yaendelee. Ila naye ana mwili, na mwili huo unaumia.

Kwa hiyo nadai mambo matatu. Moja, jeraha hili liingie kwenye orodha ya dharura, ili mtu wa Gorom akiumia usiku apate gari la kumleta mjini bila kusimulia mkasa wake kwa kila mlinzi getini. Mbili, mgonjwa aitwe baada ya wiki sita na baada ya miezi mitatu, aulizwe yale maswali ndani ya chumba chenye mlango, pamoja na mke kama wote wawili wanataka. Tatu, kila anayetoka apewe karatasi moja ya maelezo kwa lugha anayoielewa.

Na nyinyi vijana wenzangu, mwenzenu akiumia, tafuteni boda, mzuieni anayecheka, mpelekeni.

Hiyo karatasi niko tayari kuiandika mimi, kwa Kiswahili na Kiarabu cha Juba. Daktari aisahihishe, shirika litoe wino na mashine. Nangoja jibu.